Vibati Vinne vya Merv Haddrick

Mzee Mervyn Clive Haddrick, ambaye wote hapa mlimwita Merv na mkewe alimwita Mervyn pale tu alipomuudhi, alizaliwa Moonta, Australia Kusini, tarehe 9 Machi 1946. Alikuwa mtoto wa tatu wa mzee Clive Haddrick na mama Ivy. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alizaliwa amechoka: alilia mara moja tu, akalala.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Moonta, kisha sekondari ya Kadina, ambayo aliiacha mwaka 1961 akiwa na miaka kumi na mitano. Hakufukuzwa, ingawa alijitahidi. Aliwahi kuombwa atengeneze kipaza sauti cha shule, akakitengeneza vizuri mno, na kwa wiki nzima matangazo ya mwalimu mkuu yakasikika mpaka chooni. Alijifunza ufundi umeme kwa miaka mitano, akapata cheti mwaka 1966.

Mwaka 1967 alihamia hapa Whyalla, akawa fundi umeme wa kiwanda cha chuma kwa miaka thelathini na minne, kwa zamu, wiki hii mchana na wiki ijayo usiku. Alistaafu mwaka 2001 na uchovu ambao kustaafu hakukuuondoa. Alisema maisha yake yote alisikia kelele za watu wengine, sasa anataka kusikia kitu alichokichagua mwenyewe.

Alimuoa Noreen Trezise tarehe 14 Novemba 1970 huko Wallaroo. Walipata watoto wawili, Glenys na Rowan. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila Ijumaa saa moja jioni, mume na mke walikula pasti, mkate uliofungwa nyama na viazi ndani, wakaketi kwenye kochi, Noreen kushoto na Merv kulia, wakatazama filamu. Merv alisinzia kabla ya katikati, na mwisho Noreen alimsimulia nani alikufa.

Mwaka 2014 hivi, masikio ya Noreen yalianza kumwangusha. Hakuwa kiziwi. Alisikia mvumo wa maneno, ila herufi kama s na f zilimpotea, na bila hizo mazungumzo ya filamu yalikuwa uji. Vifaa vya masikio alivijaribu mara mbili, akavirudisha, akisema vinapiga mluzi kama birika. Sauti ikiongezwa, milio ya bunduki ilitikisa vikombe na maneno yakabaki uji ule ule. Basi Ijumaa moja alibeba pasti yake, akaenda kula jikoni. Ijumaa iliyofuata vilevile.

Merv alitazama peke yake mpaka mwisho. Alisimulia filamu yeye, kwa mara ya kwanza katika ndoa yao, na alisimulia vibaya.

Ndipo ilipoanza kazi ambayo wengi wenu mlielezwa, mkitaka msitake, kwa kutumia chupa za chumvi na pilipili. Ndani ya sanduku la spika mna spika mbili: kubwa ya chini kwa ngurumo, na ndogo ya juu kwa sauti nyembamba, zikiwemo s na f. Kwa kawaida amplifaya moja huendesha zote mbili, na nyuma ya sanduku kuna vibati viwili vya shaba vinavyoziunganisha. Merv alitaka kila moja iwe na amplifaya yake, ili sauti nyembamba ipandishwe kwa ajili ya Noreen na bunduki zibaki chini. Sharti ni moja: vibati vitolewe kwanza. Visipotolewa, amplifaya mbili husukumana mpaka moja ife.

Sharti hilo alilifundisha nusu ya Whyalla. Jumamosi tarehe 19 Agosti 2017, mbele ya mashahidi sita kutoka klabu ya mchezo wa kuviringisha mipira nyasini, aliwasha bila kutoa vibati. Kukatokea mlio kama wa ubao kuvunjika, na moshi.

"Hiyo nimeisikia vizuri sana, Mervyn," Noreen alisema kutoka jikoni.

Alikaa miaka bila kuigusa kazi hiyo tena. Mwaka 2021 figo zake zilishindwa, akaanza kwenda kusafishwa damu hospitalini kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Filamu za Ijumaa zikafa kabisa, kwa kuwa saa moja jioni alikuwa amelala na viatu. Noreen aliyempeleka kwa gari, kumpikia bila chumvi na kumvua viatu hivyo alichoka pia, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 2024 ulipoanza, ni Merv aliyeuliza. Alisema, "Noreen, una mikono miwili pale hospitalini, na mimi nina mmoja. Tusuke nyaya."

Nyaya hizo za kuunganishia spika zilikuwa za mtandao wa kompyuta, zilizotupwa shule moja ilipokarabatiwa, kila moja ikiwa na nyuzi nane nyembamba. Merv hakutaka za dukani. Alisema nyaya za dukani zinauzwa na watu wenye tai.

"Legeza kidogo. Unasuka waya, humnyongi kuku," Merv alimwambia wakiwa hospitalini.

"Nimefuma sweta za watoto wawili na wajukuu watatu, leo nifundishwe kusuka na mtu aliyefungwa kwenye mashine?"

"Mzee Merv, tuliza mkono," alisema Sista Luz, muuguzi wao.

"Mkono umetulia, Sista. Huu ni mdomo."

Walisuka hivyo miezi mitano. Siku zisizo za hospitali, Merv alilehemu ncha mbili au tatu, akalala. Alikopa amplifaya ya pili kwa Rowan na hakuirudisha. Jumapili tarehe 9 Juni 2024, Noreen akiwa kanisani, alisogeza masanduku yale ya kilo thelathini na nane, akafunga nyaya, akayarudisha ukutani. Noreen alimkuta sakafuni, akapelekwa hospitalini. Moyo wake ulisimama Jumanne tarehe 11, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Noreen alikuwa amemshika mkono, ule usio na sindano.

Nyumbani kila aliyefika alitazama nyaya zile na kusema, "Mama, usiwashe." Hakuna aliyejua kama safari hii alikumbuka vibati, na Noreen peke yake asingeweza kusogeza sanduku. Kilichomuumiza hakikuwa amplifaya. Hakutaka kazi ya mwisho ya Merv iwe moshi.

Ijumaa alifungua mfuko wa nguo kutoka hospitalini. Mfukoni mwa shati kulikuwa na pipi ya mnanaa, bisibisi ndogo, na vibati vya shaba. Alivipanga juu ya meza. Vinne. Viwili vya kila sanduku.

Saa moja jioni alipasha pasti, akaketi kushoto, akawasha. Kulikuwa na taarifa ya hali ya hewa tu. Aliisikiliza mpaka mwisho, mji kwa mji, na kila s na f ilikuwa mahali pake. Kisha akageukia upande wa kulia, akamsimulia.

Spika mnazozisikia hapa leo ni hizo, na nyaya ni hizo. Rowan alipendekeza vibati viwekwe jenezani. Noreen alikataa, viko kwenye mkoba wake. "Nikimpa," alisema, "atavirudisha kwenye spika."

Marehemu ameacha mjane, Noreen; watoto wawili, Glenys wa Darwin na Rowan; wajukuu Tamsin, Jory na Keziah; dada yake Merle; na amplifaya moja ya Rowan.

Alichoka muda mrefu, na alimaliza kazi. Alale sasa kwa amani, na viatu tumemvua.