Kitabu Gani Kikae Juu

Asubuhi hiyo, kwenye kibanda cha chai cha Ghurahu kando ya ngazi za mto Ganga, pale Banaras, wazee walikunywa chai wamesimama. Benchi lao lilikuwa limekaliwa na vitabu. Pathak, muuza vitabu, ndiye aliyeviweka, na hakuna mwenye adabu zake atakayekaa sambamba na kitabu kitakatifu, seuze kukitupa chini. Vilikuwa vinne, vya yoga ya kale, vya kupelekwa leo kwa baba wa bwana harusi pamoja na matunda na peremende. Mkwe huyo, yaani baba mtu, ni pandit, msomi wa maandiko, tena mkali. Akikuta kitabu kidogo kwa daraja kimelala juu ya mkubwa wake, atasema binti wa Pathak katoka nyumba ya mbumbumbu. Gari lilikuwa karibu kuondoka, na Pathak, aliyeuza vitabu hivyo miaka yote bila kuvisoma sana, hakujua kipi kianze na kipi kifuate.

— Juu weka hiki cha msituni, alisema Chaubey, karani mstaafu wa reli, ambaye kijiwe kizima humwita Kamusi. — Hiki ndicho mama. Mwalimu alimnong'oneza mwanafunzi huko porini, vitabu vingine vyote vikadandia.

— Mama hakai kichwani kwa watu! alidakia Lallan fundi cherehani, yaani Redio. — Mama hubeba. Juu weka cha vitani. Shujaa kalegea magoti, mwendesha gari lake la farasi kamfundisha kila kitu: kazi, ibada, maarifa.

— Vya kuazima hivyo! alijibu Kamusi. — Kachota kwa mama, kachota kwa wale wanafalsafa wa hesabu ya roho na maumbile.

— Na hiki chembamba je? Si kimechota kwa hao hao wa hesabu, kikaongeza Mungu kidogo kama chumvi?

— Hicho chembamba kiheshimu, mzee. Chenyewe kinasema tuliza akili, basi. Sentensi fupi fupi.

— Fupi kwa sababu mwandishi, wanavyosimulia, alikuwa nusu nyoka! alisema Redio. — Nyoka ana mikono? Angeandika ngapi?

Pathak alicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu, halafu akakumbuka safari.

— Jamani, na hiki cha mikao ya mwili?

— Hicho kitinda mimba, alisema Kamusi. — Chenyewe kinakiri ni ngazi tu ya kupandia kwenye chembamba.

— Basi ngazi ikae chini! alisema Pathak.

— Ngazi si inafika juu? Tena mimi nawaambia, vyote kaandika mtu mmoja, anabadili jina kila akigombana na mkewe.

— Redio, hapo umechemsha.

Pathak alipanga, akapangua, akapanga tena. Ndipo Sumedha, bi harusi mwenyewe, alipofika na shali ya baba yake iliyopigwa pasi. Aliwatazama, akatazama benchi.

— Baba, kwani lazima kimoja kikikalie kingine?

— Ndiyo desturi, mwanangu. Kila mmoja na daraja lake.

— Haya. Na mimi nikifika kule, nitawekwa chini ya nani?

Hakuuliza kwa hasira. Kamusi aligeukia mto. Pathak aliona haya, haya ya kweli: wiki nzima amehangaika mkwe atavionaje vitabu, na hata siku moja hakuuliza mtoto wake ataishi vipi na watu wale.

Alitoa simu, akampigia mkwe. Alimwamkia kwa heshima zote, kisha akataka kujua binti yake atakaa vipi katika nyumba ile. Vitabu hakuvitaja.