Wellars, Aliyeruhusiwa Siku ya Umuganda

Wasikilizaji wapendwa wa Gisenyi, karibuni, ni mimi Claudette. Leo tunamkumbuka Wellars, mvuvi wa sambaza, dagaa wa ziwa letu. Wellars alijiua, siku chache baada ya hospitali kumruhusu kurudi nyumbani. Nalisema wazi kwa sababu mkewe, Xavérine, ameniomba niliseme wazi. Jina la hospitali nitaliacha, mwanasheria wa redio amenikataza. Hasira hakunikataza.

Wellars alikuwa mtu wa kelele, jamani! Wavuvi wetu hupiga kasia kwa wimbo, na mwanzishaji alikuwa yeye. Akikosa samaki, anawatukana kwa kuimba. Sebahire, mwenzake wa mtumbwini, ananiambia: "Ule mutu alikuwa anatuchekesha mupaka tunaacha kasia. Mi namwambia, nyamaza kidogo, samaki inakimbia."

Ugonjwa wa huzuni ulipomshika, Wellars alinyamaza. Wellars akinyamaza, ni mgonjwa. Mtaani kwao hata watoto walijua hilo. Akalazwa. Hospitalini wakaona mtu mtulivu, anakula, hasumbui, wakasema amepona. Hawakumuuliza Xavérine kama mume wake ndivyo alivyo.

Na walimruhusu lini? Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, asubuhi! Mnaijua siku hiyo: maduka yamefungwa, pikipiki hakuna, kila mtu ana jembe mkononi. Donc, hakuna aliyekwenda kumchukua, kwa sababu hakuna aliyeambiwa. Alitembea peke yake, akawakuta majirani wanazibua mtaro. Wakampigia makofi. Akachukua jembe, akafanya kazi nao. Wote walifurahi isipokuwa Xavérine.

Anasema: "Niliona analima bila kusema neno. Nikatelefonia hospitali, nikamwambia yule mama wa simu wa pale, bwana yangu haiko muzuri. Akanijibu, mulete siku ya rendez-vous yake ya daktari."

Alipiga simu, wasikilizaji. Narudia: Xavérine alipiga simu. Jumanne yake, Wellars hakuwepo tena.

Bon. Hospitali ikaitisha kikao cha kuchunguza kifo hicho. Madaktari wakakaa, wakuu wakakaa, chai ikaletwa. Xavérine hakuitwa. Ndugu hawakuitwa. Wakamaliza, wakasema hivi: mgonjwa alitoka akiwa mtulivu, na familia haikutoa taarifa yoyote. Haikutoa! Ama ni uongo, ama ni uvivu wa kuuliza, na mimi vyote viwili navichukia sawasawa.

Maneno hayo yakafika kwenye siku ya kumaliza msiba. Mbele ya watu wote, Janvier, kaka wa marehemu, akamgeukia shemeji yake: "Daktari anasema we ulinyamaza. Juu ya nini ulinyamaza?" Fikirini! Mjane bado ana nguo za msiba, anashtakiwa kwa kosa lililopikwa kwenye kikao alichofungiwa nje. Tangu siku hiyo, ukweni hawamsemeshi.

Nilimpigia mkubwa wa hospitali. Kwa nini hamkumwita mke? Akanijibu kwa upole kabisa: "Madame, tulimhurumia. Mambo yale yangemuumiza."

Loo! Huruma gani hiyo ya kumfungia mtu mlango? Nilimpelekea Xavérine jibu hilo. Akacheka, kicheko kibaya. "Banihurumie? Mi ndiye nilimufumba bwana yangu macho. Kikao ndio ingeniua?"

Wasikilizaji, kama una mgonjwa hospitalini, usingoje kuitwa. Nenda, uliza anatoka lini, sema unachokijua juu yake. Na wewe ambaye moyo umekuelemea, mwambie mtu leo hii. Mwambie jirani, mwambie mshauri wa afya wa kijiji chako. Usibaki peke yako.

Familia ya Wellars, poleni sana. Xavérine, dada yangu, pole. Umempoteza mume, na jina lako limechafuliwa juu ya hilo.

Na wewe mkubwa wa hospitali, najua redio iko wazi hapo ofisini kwako. Rudieni kikao, Xavérine akiwa ndani. Msidhani kelele zangu zinatosha kumsafisha Xavérine. Jana nilimfuata Janvier, nikamwambia shemeji yako alipiga simu. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema: "We ni mutu wa redio. Daktari ndiye aseme."

Basi, daktari, sema.