Mama Kamba Anaondoka, Kihisi Kinabaki

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kufua, kuanika na kutugombeza, msimamizi wa kitengo chetu cha ufuaji hapa hospitalini, Mama Kamba, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni.

Alianza kwa kukunja foronya, akapanda hadi kwenye mashine, kisha akakabidhiwa ua wa kuanikia, na huko ndiko alikopata jina. Akipiga ukelele wa "Mvua! Kamba!", hata mgonjwa mwenye plasta mguuni hutaka kushuka kitandani akaanue.

Mwaka juzi mkwewe alimletea zawadi: kituo kidogo cha hali ya hewa, chenye skrini ya kuweka ndani na kihisi cha kufunga nje, kinachopima hewa na kuipelekea skrini vipimo kwa mawimbi, bila waya. Mwingine angekifanya pambo la sebuleni. Yeye alikileta kazini, akisema nyumbani ana gauni tatu tu za kuanika, ilhali hapa kuna shuka za wodi zote.

Kihisi alikifunga mwenyewe. Msaada wa mtu hakuutaka. Kijitabu cha maelezo kilisema kikae kivulini, penye hewa. Kivuli alikipata: chini ya paa, juu kidogo ya bomba linalotoa mvuke wa mashine zetu. Na kwa kuwa maisha yake yote hajakubali kitu kilowe, akakivika mfuko wa nailoni na kuubana kwa vibanio vya nguo.

Skrini ikaonyesha unyevu asilimia tisini na tisa. Akaamuru hakuna kuanika nje. Kesho yake vilevile. Wiki nzima jua linawaka, nasi tumejazana ndani, shuka mbichi zinatudondokea utosini. Muuguzi mkuu alipokuja kudai shuka zake alitazama nje, akatutazama sisi, akauliza kama tumerogwa. Ni fundi umeme aliyeinua macho na kuliona bomba. Mama Kamba alicheka hadi akakalia kapu la nguo chafu. Kisha akakitetea kifaa chake: hakikusema uongo, kiliulizwa habari za bomba kikajibu za bomba.

Kihisi kikahamia kwenye nguzo ya ua, kivulini, bila mfuko. Tangu hapo wauguzi hupita asubuhi kuuliza kama wabebe mwavuli. Mwezi wa nne mwaka huu skrini ilitabiri mvua jua likiwa bado kali. Akapiga ukelele, tukakimbia, tukaokoa kila shuka. Ng'ambo ya ukuta wetu, nyumbani kwake, gauni zake tatu zikalowa chapachapa. Mganga hajigangi.

Wiki hizi za mwisho amekuwa mkimya, na ukimya huo umetutisha kuliko kelele zake. Hatimaye alitueleza: kufua hatakukumbuka hata kidogo. Kinachomuuma ni kukaa nyumbani mawingu yakijifunga, asijue kama tumeshaanua. Alilia kidogo, nasi tukalia naye. Mpiga pasi anayeandika haya akaunguza foronya.

Basi fundi umeme amejaribu, na mawimbi yanavuka ukuta bila shida. Kihisi kitabaki kwenye nguzo yetu. Skrini inakwenda sebuleni kwako, Mama.

Asante kwa kila shuka kavu iliyomlaza mgonjwa. Tunakuombea afya, usingizi wa mchana na wajukuu wanaoitika wakiitwa. Na skrini ikionyesha mvua, tupigie kelele dirishani. Ila safari hii, anza kuanua zako.