Presha ya Macho ya Baba Watoto

Kwenye basi, fundi viatu alitega masikio nyuma ya mtu na mkewe waliotoka kliniki.

"Asubuhi kumi na nane, alasiri kumi na mbili!" mke alisoma karatasi. "Ukitoka kwangu presha ya macho iko juu, ukikaa na yule nesi wa alasiri inashuka!"

"Mama watoto, hata presha ya macho mazima hupanda na kushuka kutwa."

"Kwani asubuhi nesi hakuwepo?"

"Hakuwepo. Alinipima babu mmoja mwenye kipara," mume akajibu, akidhani amejiokoa.

"Basi ni nesi anayeishusha!" Mke akaikunja karatasi mara nne.

Basi likasimama. Mke akashuka kwanza, akageuka kuhakikisha mume anamtazama yeye. Fundi akaona wivu: kwake hakuna aliyewahi kuuliza macho yake yanatua wapi.