Mawaridi Sita ya Kapitolina Yegorovna

"Mama mkubwa, msibani hayasemwi hayo, sema yaliyoandikwa halafu ukae," ndivyo alivyoniambia Larisa, mtoto wa marehemu, leo asubuhi jikoni, mkono mmoja unageuza chapati za matanga na mwingine unanisukumia karatasi, na mimi nikamwambia, mwanangu, kusoma kwenyewe sijui, karatasi yako nimesomewa mara mbili na nimeishika kichwani, tarehe zote nitazitaja, lakini pale palipoandikwa kwamba marehemu "alipenda baleti na aliishi kwa upendo na familia yake yote" hapo sipiti, kwa sababu nusu ya kwanza ni ndogo mno na nusu ya pili ni uongo, na mimi Anfisa, mwenye miaka tisini, sitasema uongo juu ya jeneza la mdogo wangu.

Basi sikilizeni, ndugu, majirani, na nyinyi wa ukumbi wa baleti mliokuja na viatu vyenu vya theluji mpaka hapa, marehemu Kapitolina Yegorovna Sukhareva alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, kijiji cha Malye Klyuchi, mtoto wa nne na wa mwisho wa Yegor na Matryona, wawili wa katikati walikuwa wameshachukuliwa na surua, baba akaenda vitani Agosti ya mwaka huohuo na hakurudi, mama akawa kutwa nzima kwenye mashamba ya ushirika, kwa hiyo aliyembeba mgongoni ni mimi, nikiwa na miaka saba, na ndiyo sababu shule naijua kwa nje tu, mlango wake ulikuwa wa kijani.

Yeye alisoma, kuanzia Septemba 1948 hadi Juni 1955, madarasa saba, hesabu hafifu, mwandiko mzuri, na tarehe 2 Septemba 1956 aliajiriwa kiwanda cha nyuzi hapa Staroyarsk, akasimama mbele ya mashine zilezile miaka arobaini mpaka alipostaafu mwaka 1996, na wenzake wa kiwandani waliobaki, wawili, wamekaa pale dirishani, watawaambia kwamba hakuchelewa zamu hata siku moja na hakukubali zamu ya jioni hata siku moja, maana jioni alikuwa na kwake pa kwenda.

Pa kwenda penyewe palianza tarehe 7 Novemba 1957, siku chama cha wafanyakazi kilipogawa zawadi, wenzake wakagombania mabuti, tiketi za baleti zikakosa mwenyewe, akachukua Kapa, kwa huruma tu, akaenda na koti la kuazima, na onyesho lilipokwisha akabaki amekaa mpaka mama wa mlangoni akamgusa bega, "Binti, nenda nyumbani, wamekwisha," na Kapa akamuuliza, "Wamekwisha wamekwenda wapi?" na tangu usiku ule haikupita wiki bila kupanda kule juu kabisa, roshani ya tatu, upande wa kushoto, penye nguzo, ambapo wenyewe wanapaita peponi kwa sababu ni juu na hakuna kiti.

Kule peponi, na wengine wenu mko hapa, Valya, Semyon Ignatyevich, msiinamishe vichwa, watu walikuwa hawatazami jukwaa kwanza, walitazama mikono ya Kapa, mmoja ananong'ona, "Kapiga?" mwingine anajibu, "Hajapiga," "Basi tungoje," kwa sababu mdogo wangu hakupiga makofi kwa heshima, hakupiga kwa huruma, hakupiga kwa kuwa jirani amepiga, alisema anayempigia makofi mtu asiyecheza anamwibia yule atakayecheza kesho.

Aliolewa tarehe 18 Julai 1964 na Rodion Sukharev, dereva wa winchi, mtu mwema, ambaye alimpeleka baleti mara moja tu, akakoroma mfalme anapokufa, Kapa akampiga kiwiko, "Rodion, watu wanakufa pale!" naye akasema macho yamefumbwa, "Na mimi nimetoka zamu, waambie wafe polepole," na waliishi vizuri kwa mtindo huo, yeye akilala nyumbani na mkewe akisimama penye nguzo, mpaka Rodion alipofariki mwaka 1999, Mungu amlaze pema.

Walijaliwa mtoto mmoja, huyu Larisa, tarehe 5 Mei 1966, ambaye hana sikio la muziki na hana hatia kwa hilo, na Larisa akamzaa Ulyana tarehe 21 Januari 1998, na Ulyana ndiye aliyepelekwa shule ya baleti akiwa na miaka kumi, na aliyempeleka na kumrudisha, theluji au tope, miaka minane, amekaa kwenye benchi la korido na chupa ya chai, ni bibi yake, na mwaka 2016 mtoto akaajiriwa kwenye ukumbi wa mji wetu huuhuu, na hapo ndipo mashaka yetu yalipoanza, maana sasa kule jukwaani alikuwapo wa damu yake, na kule juu ilikuwapo ile mikono.

Miaka hiyo marehemu alikuwa na uchungu na kila kitu, naomba mnivumilie, alisema haya kwa sauti na hakuyaficha, walipoleta onyesho jipya la Bibi Harusi wa Ziwani na maji ya kweli kwenye beseni kubwa, alirudi nyumbani akasema, "Zamani ziwa lilikuwa kitambaa na mimi niliona maji, sasa wameleta maji na mimi naona beseni," na kuhusu yule Gleb Varnavin ambaye mji mzima unamlilia alisema, "Anaruka vizuri, taabu ni kwamba anatua," na kuhusu Eleonora Zhdanko, ambaye mguu wake unafika sikioni, alisema, "Kama anapokea simu, na nadhani habari alizopewa ni mbaya, tazama uso," na wale wasichana wa nyuma ishirini na nne aliwaita mbuzi juu ya bati, kwa kelele ya viatu, na walipocheza Ndege wa Shaba kwa muziki wa kanda kwa sababu wapiga vinanda walikuwa safarini, alitoka katikati, mara ya kwanza tangu 1957, akamwambia mama wa makoti, yule anayeyatunza pale mlangoni, "Nipe langu, chakula cha kopo ninacho nyumbani."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, kwa sababu ulimi ule ulikuwa unakata watu wa mbali.

Halafu Jumapili moja ya Novemba 2020 Ulyana alikuja kunywa chai, alikuwa amepewa kucheza peke yake dakika nne wiki ile, akakata keki ya kabichi vipande vidogo sana bila kula, akauliza, "Bibi, nilikuwaje?" na Kapa akaweka kikombe chini, akafikiri, alikuwa anafikiri kweli, si kutafuta tusi, akasema, "Ulicheza kama maiti aliyepambwa vizuri," Larisa akaruka, "Mama! Huyu ni mjukuu wako!" naye akajibu, "Ukumbini sina mjukuu, nina wanaocheza na wasiocheza," na mtoto akachukua koti akasema, "Asante kwa chai, bibi," mlango ukafungwa taratibu, na ingekuwa heri angeubamiza.

Nilimgombeza mpaka nikachoka, nikamwambia, Kapa, ungesema vizuri tu, neno moja, lingekugharimu nini, akaniambia, "Dada, vizuri huwa nawaambia wageni," na sasa ndipo naelewa kwamba kwake yeye hilo ndilo lilikuwa pendo, gumu kama mkate wa vita, lakini mtoto wa miaka ishirini na mbili utamlishaje mkate huo.

Sasa nafika pale ambapo Larisa ananikonyeza, nikonyeze tu, mwanangu.

Tarehe 10 Februari 2021 Kapa aliruhusiwa kuingia kutazama mazoezi ya mwisho ya mavazi, Ulyana akiwa amepewa kwa mara ya kwanza nafasi ya mbele, Bibi Harusi mwenyewe, na mdogo wangu alirudi akakaa jikoni na koti lake, theluji inamyeyukia mabegani, nikamuuliza kimetokea nini, akasema, "Dada, mtoto anacheza," basi, hakuongeza, na tarehe 12, siku ya onyesho, alikwenda akanunua mawaridi meupe saba, yeye ambaye maisha yake yote hakumpa mcheza baleti wa ukoo wake hata jani, na akaniambia twende wote, akitaka niwepo.

Baridi ilikuwa nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, maua tuliyafunga kwenye magazeti, tramu ilijaa, na tulipofika penye makoti Kapa akanipa maua nishike ili avue mabuti ya sufi avae viatu vya ndani, kama kila mtu anavyofanya, mguu wake ulikuwa umevimba, akachukua muda, na mimi nikafungua gazeti kutazama, nikakuta waridi moja limevunjika shingo kwa baridi, kichwa kinaning'inia, nikaona aibu kumpa mtoto ua la namna ile siku yake, nikalichomoa, nikalitia mfukoni, nikayapanga yaliyobaki yakae vizuri, na sikuhesabu.

Sikuhesabu, mimi, niliyezika baba bila mwili, mama, mume, na wanangu wawili, mimi ambaye hata usingizini najua kwamba aliye hai hupewa moja, tatu, tano, saba, na jozi ni za kaburini, na Kapa macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, akayapokea akampa mama wa mlangoni ayapeleke jukwaani kwa jina la bibi pazia litakapofunguliwa kwa salamu, na kule juu, mwisho, alipiga makofi, Valya ni shahidi, alipiga mpaka viganja vikawa vyekundu, lakini kutoka jukwaani nani anaiona roshani ya tatu, anaona giza tu, anaona maua, na wacheza baleti wanahesabu kila kitu, ndiyo kazi yao, nikaona mtoto ameinama, amepokea, ametabasamu, ameyatazama, na tabasamu likabaki pale usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Mawaridi meupe sita kutoka kwa bibi aliyemwita maiti.

Larisa alipiga simu asubuhi yake, sauti ilijaa chumba, "Mama, umemzika mwanangu akiwa hai, umempelekea maua sita mbele ya ukumbi mzima!" na Kapa akashusha simu taratibu, akanitazama, mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni mwa koti, lile ua lilikuwa limekauka mle ndani, akauona mkono, akajua, na akarudisha simu sikioni akasema, "Nilihesabu vibaya," na alipokata nikamwambia nitasema mimi, naye akasema, "Nyamaza, dada, ukisema wewe watadhani nimetafuta mzee wa kumsingizia," na mimi, Mungu ananiona, nilifurahi kunyamaza, nikalitia ua kwenye jiko, nikanyamaza miaka mitatu na miezi tisa.

Mei ya mwaka ule Ulyana alihamia ukumbi wa mji mwingine, mbali, safari ya treni ya siku mbili, hakuaga, simu ya bibi hakupokea, barua mbili zilirudi zimefungwa, na marehemu aliendelea kupanda peponi, lakini hukumu zake zikawa fupi, wakimuuliza Zhdanko alikuwaje anasema, "Alikuwepo," wakimuuliza Varnavin anasema, "Naye," na ndivyo alivyokuwa akizeeka, kwa maneno kupungua.

Tarehe 9 Machi 2023 alipata kiharusi upande wa kushoto, akalazwa wiki tano, akarudi hawezi ngazi, na Juni mwaka huu jirani yetu Tamara Lvovna akaleta simu yake akasema, "Kapitolina Yegorovna, tazama, wamemrusha," na pale kwenye kioo, mdogo kama siafu mweupe, alikuwa Ulyana anacheza huko alikokwenda, Kapa akatazama mpaka mwisho, akaomba arudishiwe mwanzo, akatazama tena, na mkono wa kushoto ulikuwa umekufa, kwa hiyo akapiga makofi kwa kiganja kimoja juu ya blanketi, pu, pu, pu, muda mrefu, Tamara akaenda kusimama dirishani, na mimi nikauliza, sasa je, akasema, "Huyu ni bora kuliko wote niliowaona tangu 1957, na sijui nitamwambiaje," na hayo ndiyo maoni yake ya mwisho kuhusu baleti.

Alifariki tarehe 3 Novemba 2024, saa kumi na mbili asubuhi, kitandani kwake, kwa kiharusi cha pili, akiwa na miaka themanini na mitatu, ameacha mtoto mmoja, mjukuu mmoja, na dada mmoja asiyefaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomgeuza kila saa mbili bila kununa, inamshukuru Tamara Lvovna kwa simu na kwa supu, wenzake wa kiwandani, watu wa roshani ya tatu waliomshika mikono kwenye ngazi miaka ya mwisho, na mama wa makoti aliyemwekea kila mara kibandiko kilekile cha namba ya koti, na mmeleta maua mengi leo, nimeyapitia yote, kila shada ni jozi, hakuna aliyekosea, na Ulyana naye ametuma, hakuja, ana onyesho, ametuma mawaridi meupe sita, Larisa anasema ni desturi tu, mtoto amefanya inavyopaswa, lakini mimi nimeyahesabu mara tatu nimesimama pale mlangoni, na mimi nasema ni jibu.

Mdogo wangu Kapa, niliyekubeba ukiwa na njaa, pumzika sasa, ukae umekaa, miguu imesimama vya kutosha.

Na nyinyi wa ukumbini, mwezi ujao mnakwenda huko kwake na maonyesho yenu, mimi kuandika sijui na simu yangu hapokei, kwa hiyo nawapa mdomoni, mkimkuta anafunga viatu vyake msimwambie bibi alimpenda, hatawaamini, mwambieni tu kwamba Anfisa, yule mzee mjinga wa Malye Klyuchi, amesimama mbele ya jeneza na watu wote akasema ua la saba alilichomoa yeye, na bibi yake alinunua saba.