Aliyemwandikia Mkuu Wake Faini ya Sigara

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua mabucha, migahawa na vyoo vya mji huu, Bibi Afya wetu anastaafu tarehe 30 Juni. Jina lake liko kwenye faili, sisi tunamwita Mama Zima, maana kila alipokuta mtu anavuta sigara ndani ya jengo, salamu yake ilikuwa moja: "Zima kwanza, tuamkiane baadaye."

Sheria ya kukataza uvutaji maofisini ilipopitishwa, yeye ndiye aliyebandika matangazo, kasimama juu ya kiti kibovu huku sisi tukikishikilia. Wauza sigara wa langoni pa shule ya msingi aliwaondoa mara sita. Mara ya saba walihama wenyewe, walipomwona tu akishuka kwenye baiskeli.

Lakini sitaki kuwachekesha tu. Mimi ni mpiga chapa, nina pumu, na meza yangu ilikuwa mlangoni pa mkuu wa idara wa wakati huo. Mkuu huyo alitufundisha sheria hiyo kwenye semina, kisha akarudi ofisini na kuwasha sigara chini ya tangazo lenyewe! Siku niliyobebwa kupelekwa hospitali, Mama Zima alimwandikia faini. Mkuu akaichana.

"Unajua unaongea na nani?"

Akaandika nyingine. "Naongea na mvutaji, mzee. Weka sahihi hapa."

Shukrani aliyopewa ni kuhamishiwa stoo ya dawa za mbu, miezi kumi na minane. Nasi wenzake tukafyata mkia, hata mimi niliyemponza. Kamati ya sherehe imeniomba niiruke sehemu hii. Siiruki. Aibu ni yetu.

Kutoka stoo aliandika barua tisa wizarani. Ya tisa ilileta wakaguzi, wakakuta kisahani cha majivu mezani, bado kina moto. Mkuu alilipa, akaondolewa. Mama Zima akarudi kazini bila mtu hata mmoja kumwomba radhi.

Basi leo, mbele ya wote, naomba radhi mimi. Mama, mwaka huu sijalazwa hata siku moja. Ahsante. Kapumzike na wajukuu zako, ulale mpaka jua likuchome, na Mungu akupe siku nyingi zenye raha.