Mistari Kumi na Moja Mbele ya Nyumba ya Kina Twitchell

Risala ya Kamati ya Maandishi ya Bango, wakazi wa Onnalee Springs, magharibi mwa jimbo la New York. Inasomwa na katibu, Corinne Applegarth.

Mgeni rasmi, Dkt. Halina Wojtowicz, mkuu wa mabango ya historia wa jimbo letu, Mheshimiwa Meya, wachungaji, na ninyi mliokuja kutazama tu, nanyi tumewaona:

KARIBU

Tumefurahi kupita kiasi na hatuoni haya kusema. Akina mama wa zimamoto wako jikoni na pai za tufaha tangu saa kumi na mbili asubuhi, na bendi ya shule imeshakupigia wimbo wa kukukaribisha mara mbili, zote kwa magari yasiyo yako. Sasa umefika kweli. Karibu sana.

HISTORIA

Katika nyumba hiyo nyeupe iliyo nyuma yako, mwaka 1851, mabinti wawili, Orpha na Lodema Twitchell, walisikia ukuta ukigongwa. Wakauliza maswali, wakajibiwa kwa mapigo. Mji huu ulizaliwa hapo. Nusu yetu tunaamini kwamba waliofariki husema nasi, na katika kila mtaa tuna wawasiliani, watu wanaopokea maneno yao. Nusu nyingine tunaamini kodi na utabiri wa theluji.

Mwaka 1887 Lodema alipanda jukwaani mjini Rochester, akavua kiatu, akaonyesha kwamba mapigo yale yalitoka kwenye viungo vya vidole vyake vya miguu. Mwaka uliofuata akasema kwamba uongo ulikuwa ule wa jukwaani. Tangu hapo kila anayefika hapa huondoka na nusu anayoipenda.

Miaka mitatu iliyopita ofisi yako ilituahidi bango la kumbukumbu, la kusimikwa mbele ya nyumba hii, kwa sharti moja: andiko lisiloegemea upande wowote, lililokubaliwa na kamati nzima. Bila hilo, bango hakuna.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, zile kumbukumbu za kikao cha kwanza, zilizokufikia zikiwa na marehemu wanne kwenye orodha ya waliohudhuria, hazikuwa mzaha. Katibu aliandika alivyoambiwa na wawasiliani. Tunaomba radhi kwa barua tatu mlizolazimika kutuma kuuliza kama akidi ilitimia.

Baada ya hapo ikawa vuta nikuvute. Upande mmoja alikuwa Bi. Verna Twitchell, miaka tisini na mmoja, kitukuu wa Orpha, mwasiliani tangu akiwa msichana wa miaka kumi na minne. Upande wa pili mwalimu Delbert Kessing, aliyetufundisha fizikia wengi wetu.

“Andikeni walizungumza na wafu, tukale,” alisema Bi. Verna.

“Andikeni waliwadanganya watu miaka arobaini,” akajibu mwalimu.

“Delbert wewe, mimi nimekufunga kamba za viatu ukiwa na makamasi.”

“Ndiyo maana nawachunga sana ninyi kina Twitchell na viatu, Bi. Verna.”

Bi. Verna akachukua pai yake, hata haijakatwa, akaenda zake. Hatukukutana miezi mitano. Tukajaribu kuugawa ubao katikati, kila upande uandike ya kwake. Ulisomeka kama majirani wanaogombea uzio, tukautupa.

MAFANIKIO

Kwetu, mwasiliani haruhusiwi kumletea mtu ujumbe mbele za watu kabla ya kumuuliza, “Naweza kuja kwako?” na mtu kujibu kwa sauti. Asipojibu, anapitwa. Mwalimu Kessing ameketi benchi la nyuma la mikutano hiyo miaka ishirini bila kujibu, hata mwaka ule aliofiwa na mkewe.

Machi mwaka huu alisimama kikaoni na gazeti la 1887, lenye maungamo yote ya Lodema. Bi. Verna hakuwahi kukubali kusomewa maungamo hayo maishani mwake. Tukasema moyoni, leo kamati inavunjika. Mwalimu akamgeukia, akasema taratibu, “Bi. Verna, naweza kuja kwako?”

Bi. Verna akajibu kwa sauti: “Njoo, mwanangu.”

Akamsomea yote: kiatu, vidole, vicheko vya ukumbi. Bi. Verna alilia bila kujificha, na sisi wengine tukalia naye. Kisha akasema, “Alikuwa mjane, mlevi, ana njaa. Lakini alisema. Iandikwe.”

Mwalimu akakunja gazeti. “Basi na alivyokana iandikwe. Na kwamba watu waliletwa hapa na misiba yao, wakaondoka wamepata nafuu. Hilo nimeliona mwenyewe.”

Tukaliandika hivyo, na kura zilikuwa kumi na moja kwa sifuri, wapiga kura wote wakiwa hai. Tulipiga kengele ya zimamoto mpaka mji wa jirani wakatutumia gari.

MAOMBI

Bango lenyewe bado halijatengenezwa; chini ya kitambaa hiki ni mfano tu, na juzi tumepokea barua ya ofisi yako. Ubao hubeba mistari tisa, yetu ni kumi na moja, na afisa anashauri tuondoe mambo ya 1887 na 1888.

Mgeni rasmi, hiyo mistari miwili ndiyo kamati. Ondoa jina letu. Ondoa “maarufu”, ondoa “ya kihistoria”, punguza herufi ziwe ndogo kama za kwenye chupa ya dawa. Lakini usiondoe alichokiri, wala usiondoe alivyokana.

Ombi la pili ni dogo. Bi. Verna ndiye yule mwenye kofia ya zambarau, safu ya mbele. Macho yake yalizimika kiangazi hiki, kwa hiyo bango hili hatalisoma. Sisi tumemsomea maneno haya mara nyingi, lakini sisi ni majirani zake, na kila mmoja wetu ana upande. Wewe huna. Tunakuomba, kabla ya kufunua kitambaa, umsomee wewe, kwa sauti ya jimbo zima, mistari yote kumi na moja. Mwalimu Kessing ameomba kiti cha pembeni yake, amshike mkono utakapofika kwenye kiatu.

Mungu akubariki, na kwa wenzetu wasiotumia jina hilo, tunakutakia afya tele na barabara isiyo na theluji.

Ni sisi, Kamati ya Maandishi ya Bango, Onnalee Springs, tunaoamini na tusioamini.